Kila Mmoja Alimpa Kata Moja Tu

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, naishi Chara, kando ya mto Tana. Binti yangu wa pekee, Rehema, ameolewa Hola. Nyumbani nimebaki na kuku na redio... basi.

Mume wangu alikuwa mvushaji. Kwetu jirani akikuvusha humlipi, unamshukuru. Ukishuka mtumbwini unampa kata ya mnazi, kifuu kilichojaa pombe hiyo, na akiikataa amekutukana. Ndiyo desturi, na mimi naichukia, sitaficha!

Jamani, hakuwa mlevi! Nyumbani hata hakuugusa. Lakini nikiwaomba majirani wampe ndizi au samaki, walinicheka. Eti Mama Rehema anamchunga mumewe kama mtoto!

Siku hiyo kulikuwa na harusi ng'ambo. Alivusha watu tangu asubuhi, hajatia hata tonge mdomoni, na kila aliyeshuka alimpa kata yake. Mchana nikamwona anayumba na upondo wa kusukumia mtumbwi mkononi. Nilimwita ukingoni aje ale kwanza. Akanipungia mkono, akacheka, akarudi peke yake kufuata masufuria ya harusi...

Mtumbwi ulionekana chini kule Kau, mtupu. Yeye alipatikana kesho yake. Mungu wangu!

Matangani walikuja wote. Nikauliza, ni nani aliyemlewesha mume wangu? Kila mmoja aliniapia huku analia, "Mama Rehema, mimi nilimpa kata moja tu." Na walisema kweli! Sasa nimkamate nani?

Wakaenda zao. Jioni nasonga sima ya watu wawili, ndipo nakumbuka. Naiangalia inapoa. Nani ataniuliza mbona sili?

Wasomaji wenzangu, kama unakunywa, kula kwanza, kunywa kidogo, na siku hiyo usishike upondo wala usukani. Vijana, mkikataa, anayewacheka hatakuja kuwatafuta mtoni. Na wewe unayemimina, unajua wenzako wameshamimina ngapi? Nawasihi, msifikishe mwenzenu nilikofika mimi.

Siku hizi anayevusha ni shemeji yangu. Juzi aliletewa kata mbele ya watu, akasema hapana, asante. Wengine waliguna, kisha wakashuka, wakaenda zao. Hakuna aliyekufa kwa kukataliwa shukrani yake!

Mimi nilikuwa nafua pale kivukoni. Nililia kwa sauti... Neno dogo hivyo! Mbona hatukumwacha Baba Rehema alitamke?