Shusha Mguu, Njagi

"Alfa Mbili, amri ni moja. Asivuke."

Ilikuwa sauti ya mkuu wake redioni. Gatwiri akaongeza kasi ya boti yake mpaka mwisho. Bastola ya Glock ilikuwa kiunoni, na hakuigusa.

Mbele yake, katikati ya bwawa la Kamburu, boti nyeupe ilikimbilia ng'ambo. Ndani kulikuwa na kilo arobaini za vilipuzi, za kulipua mitambo ya umeme. Kwenye usukani alikuwa Njagi.

Njagi wake.

Kwa miezi minane Gatwiri, jasusi, alijifanya Kagure, mchumba wa dereva huyu wa wahalifu. Kujifanya kuliisha mwezi wa tatu wa kazi hiyo. Alimpenda, basi. Na asubuhi hii Njagi alikuwa amekuta kitambulisho cha Gatwiri cha idara ya ujasusi.

Pua ya boti ile ikainuka mno. Gatwiri akaliona kosa.

Njagi alikuwa ameinua mguu wa injini, ule unaobeba propela nyuma, ili apate kasi. Ukienda moja kwa moja, sawa. Lakini mbele kulikuwa na visiki vya miti iliyozama, na ilikuwa lazima akate kona. Ukigeuza boti mguu ukiwa juu, propela hunyonya hewa na boti haishiki maji. Unapunguza kasi, unaushusha, ndipo unageuza. Njagi alijua. Ila kila safari yeye alishika usukani, Gatwiri akabonyeza kitufe cha mguu. Peke yake hakuwahi kuzoea.

Gatwiri akaweka redio kwenye chaneli ya wahalifu.

"Njagi! Shusha mguu kabla ya kona!"

"Kagure? Ama siku hizi nikuite nani?"

"Niite unavyotaka. Shusha tu. Na upunguze speed."

"Ndio unishike?"

"Nimekudanganya vitu mingi. Hii ni ukweli. Tafadhali, mpenzi."

"Hata hiyo mpenzi ulifunzwa ofisini."

Akageuza, mguu juu.

Injini ikalia kwa sauti nyembamba. Boti ikateleza ubavu, ikazunguka, ikagonga kisiki.

Gatwiri akapunguza kasi, akashusha mguu wa boti yake, akageuza taratibu. Alifanya yote sawasawa huku akilia kwa sauti.

Alimkuta akielea, kifua kimevunjika. Akamvuta ndani, akamlaza mapajani. Njagi alimtazama mara moja, akakata roho.

Wapiga mbizi wa idara walitoa masanduku yote ya vilipuzi, hata moja halikufunguka. Mkuu wake, Bundi, alimngoja ufukoni.

"Umeumia?"

"Hapana, mkuu."

"Kazi safi."

Gatwiri akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akapanda kilima kuelekea barabara ya Gachoka bila kuangalia nyuma.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya mama yake Njagi, kutoka Siakago.

"Kagure, mwari wakwa, binti yangu, Njagi hashiki simu. Mko pamoja?"

Gatwiri akasimama.

"Tuko pamoja, mami."

"Basi mkuje mapema. Nimeanza kupika."

"Sawa, mami," akasema, akaendelea kutembea.