Koili ya Pikapu ya Baba

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na ni fundi umeme wa magari hapa Kizota, Dodoma. Wanawake wa kazi hii ni wachache, najua. Msinicheke, someni kwanza.

Gereji ilikuwa yangu na mume wangu. Yeye alifungua injini, mimi nilishika osiloskopu, ile mashine yenye kioo inayochora umeme wa plagi kwa mawimbi. Gari likikohoa, wengine hubahatisha kubadilisha vifaa. Mimi nilitazama mawimbi, nikasema ugonjwa uko hapa!

Baba yangu alileta pikapu yake kutoka Chamwino. Ilikuwa inazimika ikipata moto. Niliiacha ingurume mpaka ikapata moto kweli, nikaona mawimbi yanafupika, yanakatika. Koili, kile kifaa kinachozalisha umeme mkali wa plagi, ilikuwa na ufa. Nikafunga mpya, mawimbi yakatulia. Nilifurahi mno, maana mama yangu alikuwa mgonjwa wa moyo na pikapu ile ndiyo ingemfikisha hospitali siku akizidiwa.

Kwetu mkwe akimrudishia mzee kitu chake ni heshima. Nikamwachia mume wangu aipeleke. Laiti ningejua...

Wiki ileile mama akazidiwa. Baba akampakia mchana wa jua kali, wakaanza safari ya mjini. Njiani pikapu ikazimika! Baba aliwasha, akawasha tena, wapi... Alipotokea mtu wa kuwabeba, mama alikuwa ameshakata roho mikononi mwa baba.

Baada ya mazishi niliivuta pikapu hadi gereji. Ikiwa baridi iliwaka vizuri tu. Ilipopata moto, nikaona mawimbi yaleyale mafupi! Nikaishika koili. Ilikuwa ile ya zamani, yenye ufa.

Nilimbana mume wangu. Kwanza alikana, kisha akalia. Alikuwa na mwanamke wa nje, muuza zabibu, mwenye gari linalotumia koili kama ile, nalo lilikuwa linamsumbua. Koili mpya alimfungia yeye, mbovu akairudisha kwa baba.

"Iliwaka, mama Neema, na usiku wa baridi ilifika bila kuzimika," aliniambia. "Nikajua mzee haendi mbali."

Haendi mbali! Na mama yangu je?

Nilikwenda Chamwino kumweleza baba, maana alikuwa anajilaumu kwamba aliiendesha vibaya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Gari nilikukabidhi wewe, mwanangu," alisema. "Sikumkabidhi yeye."

Tangu siku hiyo nikimpa shikamoo haitikii.

Gereji nimeifunga, na mume alishahamia kwa muuza zabibu. Ndugu wasomaji, nawasihi, kazi ya mikono yenu ipelekeni wenyewe mpaka kwa mwenye mali. Usiseme huyu ni wangu, hawezi kuniharibia! Mimi nilisema hivyo. Mama yuko kaburini, na baba yu hai lakini hataki kuniona.