Pikipiki Ilikuwa Imesimama

Mwanahawa na mumewe Abeid waliishi juu kidogo ya barabara ya Matombo, kwenye mteremko wenye migomba na mikarafuu michache. Siku za soko Mwanahawa alitoa mikungu ya ndizi nje, Abeid akaifunga kwenye pikipiki kwa kamba za mpira. Akimaliza, Mwanahawa aliutikisa mzigo. Ukicheza, alimwambia afungue na kufunga upya. Abeid alisema hata trafiki hawakagui hivyo. Mwanahawa alicheka, lakini hakutoka njiani mpaka mzigo utulie.

Abeid hakuwa mtu wa mbio. Bodaboda wenzake walimtania kwamba anaendesha kama aliyebeba trei ya mayai. Hakujali. Alikuwa na leseni, alivaa kofia ngumu, na alipita kushoto kwake.

Siku moja ya soko alikuwa anashuka kwenda Mkuyuni. Kwenye kona aliona lori linapanda taratibu. Nyuma ya lori likachomoza gari la polisi, likataka kulipita hapo hapo konani. Abeid aliona hatari mapema. Akatoka barabarani kabisa, akasimamisha pikipiki kwenye majani, akaweka mguu wa kushoto chini. Gari la polisi likamfuata huko huko kwenye majani. Halikuwa na king'ora wala taa za kumulika. Halikuwa linamfukuza mtu. Bampa lilimpiga mguu wa kulia, likamtupa mtaroni pamoja na pikipiki na ndizi zake.

Walishuka askari wawili. Aliyeendesha ni koplo aitwaye Wilfred. Alimtazama Abeid anavyogugumia kwa maumivu, kisha akazunguka kulikagua gari lake. Watu walipokusanyika, aliwaambia kwamba bodaboda hawana adabu barabarani. Halafu akapanda gari na kuondoka na mwenzake. Mtu amevunjika mguu mbele ya macho yake, naye anafundisha adabu.

Dereva wa lori na mama mmoja muuza matunda, Hidaya, ndio waliombeba Abeid. Hidaya aliona yote, maana meza yake iko pale pale konani. Aliishika pia namba ya lile gari, inayoanza na herufi PT kama magari yote ya polisi. Lori likampeleka Abeid kwenye kituo cha afya, na kutoka hapo akapelekwa hospitali mjini Morogoro. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Mwanahawa alimkuta kitandani, mguu umefungwa, naye akamweleza yote yaliyotokea. Juu ya kabati dogo palikuwa na fomu ya polisi ya matibabu, ile inayoitwa PF3. Askari mmoja alikuwa ameileta. Mwanahawa hakusoma sana shuleni, lakini kusoma anajua. Akasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Fomu ilisema mwendesha pikipiki alikuwa katika mwendo kasi akaligonga gari la polisi.

"Pikipiki iliyosimama inagongaje gari?" alimwuliza nesi.

Nesi alimjibu kwa sauti ya chini kwamba wao wanatibu tu, maelezo hayo yanatoka kituoni. Mwanahawa alikasirika. Kumbe hawakutosheka kumvunja mguu. Walitaka na lawama aibebe yeye.

Kesho yake alirudi kijijini kuchukua nguo. Alipopita kwa Mjomba Mwinjuma aliona mbuzi dume amefungwa uani, mbuzi asiyemjua.

Hapa ni lazima tueleze. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hii, mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba, yaani kaka wa mama, ndiye msemaji wake. Kukiwa na ugomvi wa shamba au wa ndoa, mjomba huitwa. Mjomba akisema yamekwisha, huwa yamekwisha. Mzee Mwinjuma ndiye mjomba wa Abeid, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa heshima miaka mingi.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Mwanahawa.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mambo yamekwenda vizuri."

Akamsimulia. Koplo Wilfred alikuja asubuhi, hana sare, amevaa kofia ya kiua kama wazee wa kijiji. Alikaa mkekani. Alileta mbuzi, akasema amekuja kumwomba mjomba msamaha kama desturi inavyotaka. Mzee aliguswa. Ni lini askari alikaa mkekani kwake? Koplo alitoa karatasi ya kuthibitisha kwamba msamaha umepokelewa, na mzee akaweka dole gumba. Kwa mazoea ya mikataba ya mashamba, alidai nakala yake, akapewa.

Mwanahawa aliomba kuiona. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Sisi familia tunakiri kwamba ndugu yetu Abeid alikuwa na mwendo kasi, na ndiye aliyeligonga gari la polisi. Hatuna malalamiko yoyote."

Mzee aliitazama alama ya dole lake. Kisha akamwomba asome tena.

"Hakusema hivyo," alisema mzee. "Alisema amekosa. Nilimsamehe kwa sababu alisema amekosa."

Mwanahawa alimwonea huruma mzee, lakini hasira yake ilikuwa kubwa zaidi. Mtu kujifunza desturi za watu ili aje kuwaibia kwa desturi hizo hizo, huo ni ufedhuli. Alimwambia Mjomba kwamba hamlaumu. Ila hakubali. Mzee naye alikuwa ameinuka tayari, anatafuta fimbo yake.

Wote wawili walishuka Mkuyuni kwa Mwalimu Anastasia. Mama huyu alikuwa mwalimu zamani, na sasa ni msaidizi wa kisheria. Anasaidia watu bure katika chumba chenye meza moja na benchi moja. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Kisha akaivuta ile karatasi.

"Mzee Mwinjuma, hii haina nguvu unayodhani," alisema. "Shamba la ukoo unaweza kulisuluhisha. Lakini kumjeruhi mtu kwa uendeshaji wa hatari ni kosa la jinai. Kesi yake ni ya Jamhuri. Wewe huwezi kuifuta kwa dole, na koplo hawezi kuifuta kwa mbuzi."

"Hata kama aliyegonga ni polisi?" aliuliza Mwanahawa.

"Hasa kama ni polisi. Sheria ya barabarani inamhusu kila dereva. Gari la polisi likiwa kwenye dharura halina budi kuwasha king'ora na taa, na hata hapo dereva anatakiwa kuwa mwangalifu. Huyu hakuwasha kitu. Akagonga, akaondoka bila kumsaidia majeruhi. Hilo nalo ni kosa."

Mwanahawa alisema anaogopa. Watalalamika kwa nani, ikiwa wa kulalamikiwa ndio hao hao? Mwalimu Anastasia hakumficha kwamba kuogopa kuna sababu. Ndiyo maana malalamiko huandikwa, alisema, na hayapelekwi mahali pamoja tu. Barua itakwenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Nakala itakwenda kwa kamanda wa polisi wa mkoa, na nyingine kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hiyo hupokea malalamiko dhidi ya watumishi wa Serikali, na haitozi kitu.

Akauliza pikipiki iko wapi. Mwanahawa alisema bodaboda wenzake Abeid wameiburuta mpaka kijiweni. Kwa wema wao wanataka kuinyoosha leo, akitoka hospitali aikute nzima.

"Wapigie simu sasa hivi," alisema Mwalimu Anastasia. "Wasiguse hata skrubu. Ile pikipiki ni shahidi. Mkaguzi wa magari aione ilivyopinda."

Simu ilipigwa. Fundi alikuwa ameshashika spana. Akaambiwa aiweke chini.

Baada ya hapo walimwita Hidaya na meza yake ya matunda ikabaki kwa jirani. Hidaya alileta kitu ambacho hata yeye hakujua uzito wake. Siku ya ajali alipiga picha kwa simu, ili amwonyeshe mumewe. Picha ilionyesha alama za matairi mapana ya gari, zimelala kwenye majani, nje kabisa ya barabara. Mwalimu Anastasia aliitazama muda mrefu. Akamwambia asiifute, wala asiirushe kwenye makundi ya simu, bali aitunze mpaka mpelelezi aitake.

Barua iliandikwa siku hiyo hiyo. Ilitaja tarehe, saa, mahali, namba ya gari, na majina ya mashahidi. Haikuwa na tusi hata moja, ingawa Mwanahawa alikuwa na machache ya kuongeza. Mwalimu Anastasia alimweleza kwamba fidia ina njia yake nyingine. Anayetaka kuishtaki Serikali hutoa kwanza notisi ya siku tisini, na hilo wangelishughulikia pamoja.

Kesho yake walikwenda watatu kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Tuseme wanne, kwa sababu Mjomba Mwinjuma alikwenda na mbuzi. Askari wa mapokezi aliisoma barua, akairudisha mezani. Akasema mambo hayo yameshasuluhishwa na familia, karatasi ipo.

"Dole ni langu," alisema Mjomba. "Nililiweka kwa sababu nilidanganywa. Na huyu mbuzi si wangu. Nimemleta kwa mwenyewe."

Mbuzi alianza kulia mapokezi. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, kisha wakaacha kucheka na kuanza kusikiliza. Mwalimu Anastasia alisema kwa upole kwamba hawaondoki mpaka nakala yao igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakasimama. Baada ya nusu saa mkuu mwenyewe alitoka kuuliza mbuzi wa nani. Alipojibiwa, aliisoma barua akiwa amesimama. Aligonga mhuri kwa mkono wake.

Alimteua mpelelezi kutoka kituo kingine. Abeid alitoa maelezo yake kitandani, mpelelezi akayaandika. Kama Mwalimu Anastasia alivyomfundisha, alisomewa kila ukurasa kabla ya kusaini. Mahali palipoandikwa kwamba "hakumbuki vizuri" alikataa, pakarekebishwa. Dereva wa lori alipatikana. Mkaguzi alikuta sehemu ya kuwekea mguu wa kulia imepinda kuelekea nyuma, na alama za bampa juu yake. Haikuwa haraka. Mara mbili waliambiwa faili halionekani, na mara mbili Mwanahawa alitoa nakala yenye mhuri mkobani. Mwishowe Koplo Wilfred alishtakiwa kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha majeraha, na kwa kumwacha majeruhi bila msaada.

Mahakama ilimkuta na hatia. Alitozwa faini, leseni yake ikafungiwa, na jeshi lake likamfungulia mashtaka ya nidhamu. Wengine kijijini walisema adhabu ni ndogo. Huenda ni kweli. Lakini tangu hapo bodaboda wa Mkuyuni wakigongwa, hata na gari la mkubwa gani, hupiga picha kwanza na kuandika namba. Na Mjomba Mwinjuma haweki dole kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti na mtu wa upande wake.

Mwanahawa akiulizwa habari za kesi hii, haanzi na hukumu. Anaanza na siku Abeid alipotoa ushahidi.

Siku hiyo Abeid aliingia na magongo mawili. Koplo alikuwa amevaa suti, amekaa ndani ya kizimba, kwa sababu wakili wake aliomba akae. Abeid alisimama mahali pa shahidi, akaapa, akaeleza. Mguu ulianza kumtetemeka. Hakimu alipomwuliza mshtakiwa kama kuna swali, wakili aliinuka.

"Ulikuwa na mwendo gani ulipoligonga gari?" aliuliza.

"Sikuwa na mwendo," alisema Abeid. "Nilikuwa nimesimama. Ni yeye aliyekuja."

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, aliinua macho kutoka kwenye maandishi yake. Alimtazama Abeid, akatazama magongo, kisha akatazama kizimbani.

"Karani, mpe shahidi kiti," alisema. "Mshtakiwa atasimama."

Abeid alikaa, akaunyoosha mguu wake. Koplo Wilfred akasimama, na alibaki amesimama mpaka ushahidi ulipokwisha.