Fimbo ya Handaki la Cwm Eithin

Asubuhi ile Mererid, mtunza stesheni, alipoitoa fimbo ya njia kwenye msumari wake, aliikuta ina joto, tena imelowa mafuta mapya ya injini. Injini ilikuwa imelala baridi tangu Jumapili. Kwenye reli ile nyembamba ya bonde la Cwm Eithin, iliyofufuliwa na watu wa kujitolea, fimbo ilikuwa moja tu: dereva asiye nayo mkononi haingii handakini, hata awe nani. Ndiyo iliyozuia treni mbili kukutana gizani.

Aliinusa. Ilinuka tumbaku ya mumewe, Idwal.

Idwal alikuwa marehemu. Bomba la mvuke lilimpasukia handakini mwaka juzi, siku ambayo Glyn, mwenyekiti wa chama cha reli, alimlazimisha atoke na injini mbovu kwa sababu wageni wa sikukuu walishakata tiketi. Kisha Glyn huyohuyo akasimama mazikoni akasema marehemu alizembea. Alisema kwa sauti nzuri, maana waongo hawakosi sauti. Maneno yale yalimkaa Mererid kooni mpaka leo.

Alimwita Mchungaji Tegwyn. Mzee aliishika fimbo, akaiachia upesi.

"Anakuja kuiomba?" akanong'ona.

"Kukiwa na ukungu husimama hapo dirishani. Ananyoosha mkono tu."

"Usimpe, binti yangu. Nakusihi. Maiti akipewa njia, hapiti bure."

Jumamosi ukungu ukashuka mlimani ukaifunika stesheni nzima. Mererid alisikia buti zikikwaruza kokoto, zikasimama, kisha mkono uliobabuka ukapenya dirishani, na ile sauti iliyokuwa ikimwita kila treni ilipofika ikamwita tena, taratibu, "Mererid wangu, chai iko tayari?", naye huku analia, huku anajua anachokifanya, akaitia fimbo kwenye ule mkono.

Punde injini ikaja, haina abiria. Glyn ndiye dereva. Mchochea makaa ni Ifan, mwana pekee wa Mererid.

"Fimbo, mama!" Glyn akadai.

"Kaichukua Idwal. Usiingie, Glyn."

Glyn akacheka. "Tangu lini maiti wakaendesha treni? Hapa mwenyekiti ni mimi. Kanuni nimeziandika mimi."

"Ifan, shuka! Shuka, mwanangu!"

"Mama, acha bwana, unaniaibisha."

Wakaenda. Mererid akakimbia kando ya reli akiita jina la mwanawe, ukungu unamjaa mdomoni, hata handaki likaimeza injini, honi ikalia mara moja, na ndani kabisa, kule ambako hapakuwa na treni nyingine, honi ya pili ikaijibu, kisha pakawa kimya, kimya ambacho hata kondoo wa mlimani hawakukivunja.

Injini ikarudi kinyumenyume, polepole. Glyn alikuwa amejikunyata juu ya makaa, macho wazi, hapumui. Mererid hakumtazama mara mbili, wala hakumwonea huruma. Ifan alikuwa hai! Amesimama mahali pa dereva, fimbo mkononi, ngozi ya kiganja imebabuka wala hashtuki.

"Mwanangu! Mungu ni mwema," Mererid akamkumbatia.

Shati la kijana lilinuka tumbaku. Ifan hakuwahi kuvuta. Akamrudishia fimbo kama dereva yeyote amalizapo safari, akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Mererid wangu," akasema, "chai iko tayari?"