Nilichupa kwa Jina la Mdogo Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, na ninaishi na mama yangu katika kata ya Nyakatuntu, wilayani Kyerwa. Asubuhi ninapalilia kahawa, mchana ninamenya ndizi, jioni ninachota maji kama mwanamke mwingine yeyote wa huku. Ukipita njiani hutajua kwamba niliwahi kusimama juu ya mnara wa mita kumi, mbele ya majaji na umati wa watu, nikajirusha bwawani na watu wakapiga makofi.

Makofi hayo hayakuwa yangu... Ndiyo maana ninawaandikia, wasomaji wenzangu. Nimechelewa miaka mingi.

Tulizaliwa wawili tu. Mimi Winfrida, na mdogo wangu Adventina, niliyemzidi miaka mitatu. Baba alifariki tukiwa wadogo. Babu mzaa baba alivuka mto Kagera kutoka Rwanda zamani sana, akapata kibanja, akapanda migomba na kahawa, na humohumo kibanjani akazikwa. Sisi ni Watanzania. Lakini huku mpakani, mtu wa ukoo kama wetu hujifunza mapema kutunza karatasi zake.

Karibu na kwetu kulikuwa na shimo kubwa ambako watu walichimba madini ya bati. Machimbo yalipoachwa, shimo likajaa maji, na upande mmoja ukabaki mwamba uliosimama kama ukuta. Mama alitukataza kwenda. Tulikwenda. Tulipanda mwambani na kujirusha, kichwa mbele, mara kumi, mara ishirini, mpaka midomo ikawa myeupe kwa baridi.

Mimi nilikuwa mwoga kuliko nilivyojifanya, na niliporuka, waliokaa ukingoni walilowa. Adventina alikuwa kitu kingine. Alijikunja hewani, akajinyoosha, akaingia, na maji yakajifunga kimya kama hakuna aliyepita. Hakufundishwa na mtu.

Siku moja alikuja mwalimu wa mchezo huo wa kuchupa majini kutoka mnarani. Alikuwa amekuja ukweni kwake Nyakakika, akasikia habari za wasichana wanaoruka machimboni. Nitamwita Mwalimu Sospeter, si jina lake. Alituangalia mchana mzima. Kisha akaja nyumbani, akamwamkia mama, akasema kuna kituo Dar es Salaam kinachochukua watoto wasiozidi miaka kumi na minne, wanasomeshwa na kufundishwa mchezo bure.

"Huyu mdogo," akasema. "Huyu ndiye."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, nipo nyumbani tu. Nilimwuliza, "Na mimi, mwalimu?" Akanijibu kwa upole kwamba umri umenipita. Nilitabasamu. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia hadi nikatapika.

Mama alihangaika miezi miwili kupata cheti cha kuzaliwa cha Adventina. Kikapatikana, akakifunga ndani ya kitenge, akakiweka sandukuni. Gari lilikuwa lije Jumamosi. Alhamisi, Adventina akashikwa na malaria kali. Ijumaa mama akambeba hadi zahanati, wakalazwa. Mimi nikabaki kulinda nyumba.

Jumamosi saa tatu asubuhi gari likafika. Dereva hakuwa mtu tuliyemjua. Alikuwa na karatasi mkononi na haraka usoni.

"Adventina ni nani?" akauliza.

Ningeweza kusema, yuko zahanati, tusubiri. Ningeweza kumpeleka, ilikuwa mwendo wa nusu saa tu. Nikasema, "Mimi."

Neno moja tu... Nilifungua sanduku, nikachukua cheti, nikamwambia mama jirani amwambie mama kwamba nimekwenda kumshikia Adventina nafasi yake. Njia nzima nilijiambia hivyo. Ninamshikia tu. Tulipofika Biharamulo nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Mwalimu Sospeter alinigundua siku ya kwanza. Nilichupa mara moja tu, akaniita pembeni.

"Wewe siye yule."

Nikajifunga taulo.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Anaumwa, mwalimu. Atakuja."

Alikitazama kile cheti kwa muda mrefu. Akasema majina yameshapelekwa kwa wakubwa, na yeye ndiye aliyesifia. Kisha akanirudishia cheti na kusema, "Basi fanya kazi." Hatukuzungumza tena jambo hilo kwa miaka yote aliyonifundisha.

Na kazi niliifanya, sitaki niseme uongo mwingine. Nilijifunza kusimama kwa mikono kwenye ukingo wa mnara. Nilipigwa na maji mgongoni na tumboni mpaka ngozi ikavimba mistari. Sikio la kushoto lilipasuka ngoma mara mbili. Kile Adventina alichozaliwa nacho, mimi nilikipata kwa miaka sita ya maumivu. Ndiyo maana nilijiona nina haki. Nilisahau kwamba mlango nilioingilia haukuwa wangu.

Mama alipopata simu ya kunipigia, hakunigombeza. Aliuliza jambo moja. "Adventina anakuja lini?" Nikamwambia nitazungumza na wakubwa. Sikuzungumza. Mwezi uliofuata akauliza tena, nikajibu vilevile. Mwaka ulipoisha hakuuliza tena.

Kwa cheti kile nikatengenezewa hati ya kusafiria. Nilipofikisha umri kwenye karatasi, nikachukua na kitambulisho cha taifa. Alama za vidole zangu, jina lake. Nikaanza kuitwa kwenye mashindano ya nchi jirani. Nilizoea kuitwa Adventina kiasi kwamba nilikuwa nageuka haraka.

Nilirudi nyumbani mara moja tu katika miaka hiyo, nimebeba vitenge na viatu. Adventina alikuwa na miaka kumi na sita, anasoma sekondari ya kata. Alinipokea mzigo, akaniamkia vizuri. Tulipokuwa wawili jikoni akauliza bila kuniangalia, "Dada, nikuite nani mbele za watu?"

Nilicheka kama vile ametania.

Sasa nifike kwenye lile linalonikondesha. Adventina alimaliza kidato cha nne na ufaulu mzuri, akajitolea katika zahanati miaka kadhaa, akapata nafasi ya chuo cha uuguzi. Chuo kikataka namba ya kitambulisho. Akaenda wilayani kujiandikisha. Wakaandika jina, wazazi, tarehe ya kuzaliwa... Wakamwambia mtu huyo tayari yupo, ana kitambulisho, ana hati ya kusafiria, anawakilisha taifa. Wewe sasa ni nani?

Hawakukosea. Walifanya kazi yao. Wakamwuliza babu yake alitoka wapi. Akasema kweli, na ile kweli ikamzidishia maswali. Mdogo wangu, aliyezaliwa katika kibanja cha baba yake, akaambiwa alete ushahidi kwamba hajavuka mto juzi.

Akanipigia simu kwa simu ya jirani, maana hata laini ya kwake hakuweza kusajili.

"Dada, rudi useme tu. Maneno mawili."

Nikamwambia nina mashindano baada ya wiki tatu.

"Chuo kinafungua baada ya wiki mbili," akasema.

"Adve, ukinisema nitafungwa."

Nikasikia kuku kwa nyuma, na mtu anatwanga. Kisha akasema, "Sijakusema, dada. Ningetaka kukusema ningekuwa nimeshakusema." Akakata.

Je, niliona haya? Niliona. Lakini nilifanya lililo baya zaidi. Ofisi ilikuwa imemwita mama aende kuapa kwamba huyu ndiye Adventina wake wa kumzaa. Nikampigia.

"Mama, usiende kuapa."

"Nisiende?"

"Ukiapa kwamba yule ni Adventina, watauliza mimi ni nani. Nipe mwaka mmoja tu."

Mama yangu ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Ni mtu wa kurudisha hata sindano ya kuazima. Alipumua kwenye simu, akasema kwa sauti ndogo, akianza na neno letu la kusihi, "Waitu, mwanangu, mimi nimewazaa wote wawili." Hakwenda. Nafasi ya chuo ikapita. Na tangu Jumapili iliyofuata, mama aliacha kushiriki meza ya Bwana. Mchungaji alimwuliza, akasema hajisikii vizuri. Aliendelea kutojisikia vizuri kwa miaka mitano.

Mashindano yale nilishika nafasi ya tatu. Redio ikatangaza. Wakati huo Adventina alikuwa amehamia Bugene, huko Karagwe, ameajiriwa kwenye mgahawa wa chai na ndizi. Mteja mmoja akasema, kumbe dada wa chai una jina la bingwa. Wakacheka wote. Aliniambia baadaye kwamba na yeye alicheka, kisha akarudi jikoni kuendelea kumenya ndizi, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imekaribia.

Baada ya hapo mambo yangu yalianza kuteremka. Bega la kulia lilichanika mazoezini. Nikapumzishwa miezi minne, nikarudi, likachanika tena. Mwalimu Sospeter alikuwa ameshaacha kazi. Wakaingia wasichana wapya, wembamba, wa kweli wa umri wao. Siku moja nikaambiwa nipishe kitanda. Nilishuka na begi moja hadi stendi, nikiwa na miaka ishirini na tisa, kwenye karatasi ishirini na sita, na sijui kazi nyingine yoyote. Ningeomba kazi kwa jina lipi?

Nilipanda basi hadi Kayanga, kisha bodaboda hadi Bugene. Nilimkuta Adventina anafuta meza, mtoto wake mdogo mgongoni. Alikuwa ameolewa na fundi baiskeli. Mimi sikuwa nimehudhuria harusi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Adve."

Akaniletea chai na ndizi, akabaki amesimama.

"Umekuja kukaa au unapita?"

"Nimekuja kusema."

"Kusema kwa nani? Mimi ninajua tayari."

Jumatatu iliyofuata nilikwenda wilayani na mama. Mama alivaa nguo yake ya kanisani. Mwanamke aliyekuwa mezani aliniuliza mimi ni nani, nikasema Winfrida. Akaniuliza nina kitu gani cha kuthibitisha. Sikuwa na kitu. Sikuwa na hata karatasi moja duniani yenye jina langu... Mama akaapa kwa ajili yetu wote wawili. Sauti yake haikutetemeka. Nilitamani itetemeke.

Nilifikishwa mahakamani, nikakiri, nikapewa kifungo cha nje. Medali zikarudishwa. Kanisani nilisimama mbele ya watu walionijua toka utotoni nikasema nilichofanya, nikitazama miguu yangu. Jumapili iliyofuata mama akashiriki meza ya Bwana.

Adventina alipata kitambulisho chake baada ya miezi mingi. Nilidhani ataomba chuo tena. Nikajitolea kumlelea watoto, nikamwambia hata miaka mitatu nitakaa nao. Akatikisa kichwa. Alisema alikuwa na hamu ile alipokuwa na miaka ishirini na miwili, na sasa hata akiitafuta haioni.

Nikapiga magoti palepale mgahawani. Yeye akanishika mkono, akaniinua, kwa sababu wateja walikuwa wanaangalia.

"Sikuchukii, dada," akasema. "Lakini usiniombe nifanye kama haikutokea. Kila siku ninaamka ndani yake."

Tunaonana sikukuu. Watoto wake wananiita mama mkubwa. Ananiamkia kwa heshima zote, ananipakulia kwanza, na hatuzungumzi zaidi ya mvua na bei ya kahawa. Hiyo ndiyo adhabu yangu, na hakimu hakuiandika popote.

Ndugu msomaji, labda na wewe umekaa mahali pa mwenzako. Labda ni nafasi ya shule, ya kazi, au jina tu. Labda unajiambia unamshikia. Nakuomba, usingoje umalize mashindano yako. Nenda leo, wakati bado anaitaka.