Posa ya Kinamasini

Kenyatta Market siku ya Jumamosi haina adabu. Moshi wa nyama unaingia saluni bila kubisha hodi, na wasusi wanavuta mikono ya wapita njia kama jamaa waliopotezana. Awiti alikuwa amesimama mlangoni akichambua fungu refu la nywele bandia. Akalirusha nyuma bila kuangalia, nalo likatua kwenye sahani ya kachumbari ya mwanamume aliyekuwa akipita.

“Madam, hiyo sikuitisha,” alisema yule mwanamume.

Awiti aligeuka. Shati jeupe la kitani, mikono imekunjwa, viatu ambavyo havijawahi kujuana na matope.

“Pole. Nikuletee ingine?”

“Niletee namba yako.”

“Namba italiwa na nyama?”

“Nitaijaribu na chumvi.”

Philister, mwenye saluni, alicheka mpaka kitana kikamtoka mkononi. Jamaa aliitwa Lenox, na kazi yake ilikuwa kutengeneza matangazo katika ghorofa moja la Westlands. Kabla nyama haijapoa, namba alikuwa nayo.

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na Awiti alikohoa mchana kutwa. Alisuka huku simu kaibana kati ya sikio na bega.

“Umekula, mrembo?”

“Nimekula moshi.”

“Toka basi. Niko Hurlingham, kuna mahali wanachoma samaki.”

“Samaki ya Hurlingham? Wewe hujui samaki, Lenox. Nitakupeleka kwetu siku moja.”

“Nipeleke.”

Hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Kwao Rangwe mama yake alikuwa akiuliza kila Jumapili kama huyo mtu wake ana miguu, na kama anayo, mbona haji. Mdogo wake Awiti alikuwa ameshaolewa akamtangulia, jambo ambalo kwao halisemwi kwa sauti kubwa ila linasemwa. Kila akisikia mama anavuta pumzi kwenye simu, Awiti alijua atakaloambiwa. Alitamani siku moja tu ampigie yeye kwanza, na neno la kumfurahisha.

Kisha Lenox akapiga simu.

“Babe, Jumamosi tunatoka jijini. Kuna hifadhi fulani mashambani, kinamasi na msitu. Tukaone nzohe.”

“Nzohe ni nani?”

“Swala wa majini. Vaa poa. Na ufanye kucha.”

Msichana wa Nairobi akiambiwa na mwanamume afanye kucha haulizi kwa nini. Awiti alikata simu akaketi kwenye kiti cha mteja. Saluni nzima ilimwangukia. Philister alimsuka mwenyewe, Millicent akampaka kucha rangi ya maziwa, na wote wakakataa malipo. Walimtania hadi wakapanga nani atavaa nini siku ya harusi.

Siku yenyewe alivaa gauni la rangi ya haradali na viatu vya kisigino, visigino vikawa vinanasa kwenye njia ya mbao iliyopita juu ya maji. Huku mafunjo yamewapita kimo, kule migunga yenye magome ya njano, na harufu ya tope na majani yaliyooza. Askari wa hifadhi, mwanamke aliyeitwa Mwendwa, aliwaongoza hadi kwenye mnara mfupi wa mbao.

“Nzohe ana aibu sana,” aliwaambia. “Akisikia mtu, anazama majini, anawacha pua tu nje. Kaeni kimya, mkiona matete yanatingika ni yeye.”

Akawaacha, tena haraka kidogo. Awiti hakulitilia maanani.

Matete yakatingika.

“Lenox, angalia, ni yeye,” Awiti alinong’ona. Alipogeuka, Lenox alikuwa amepiga magoti na pete mkononi.

“Awiti, nimechoka kukusindikiza kisha narudi kwangu peke yangu. Utanioa?”

“Mwanamke haoi, mjinga wewe,” alisema, na tayari alikuwa analia. “Ndiyo. Ndiyo, Lenox.”

Hakusubiri hata kufuta machozi. Alipiga simu Rangwe, akaweka spika. “Mama, nimeposwa.” Mama alipiga vigelegele vikapita juu ya maji mpaka ndege wakaruka. “Nyathina, mwanangu,” alisema mama, naye analia, “wacha nikimbie kwa mama pasta.” Akakata.

Ndipo matete yakafunguka. Hakutoka nzohe. Alitoka Mihir, mpiga picha wa kina Lenox, maji kiunoni, mafunjo kwenye kofia, kamera begani.

“Hiyo ya mamako ni dhahabu,” alisema Mihir.

Awiti alimtazama Lenox.

“Babe, usikasirike,” alisema Lenox. “Ni tangazo la hawa watu wa hifadhi. Walitaka machozi ya ukweli. Ungejua, ungelia?”

“Na pete?”

“Ni ya kazi. Yako nitanunua. Si nakupenda? Sasa tofauti ni gani?”

Mihir alikuwa akiangalia mawingu. “Pole, madam. Pale kwa magoti mwanga haujakaa vizuri. Turudie mara moja tu.”

Na Awiti akarudia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Aliona aibu kukataa. Mwendwa alikuwa amerudi na wenzake, wote wanamtazama, naye akasema ndiyo kwa mara ya pili, na ya tatu, mpaka mwanga ukakaa. Pete iligoma kutoka. Ilitolewa kwa mafuta ya mikono, na kucha moja ikavunjika.

Jumapili mama alisimama kanisani akatangaza. Akina mama wakaja wakakandika nyumba upya kwa ajili ya wageni. “Hao watu wake wanakunywa chai ya maziwa?” aliuliza kwenye simu. Awiti alisema wanakunywa. Kila wiki alitaka kusema ukweli, na kila wiki alijibu jambo la chai. Simu za Lenox hakushika.

Tangazo likatoka. Televisheni ya duka la nyama jirani ililirusha kutwa, vigelegele vya mama yake vikisikika katikati ya moshi. “Bibi harusi, lini?” wauza nyama walimwita. Alicheka nao, kisha akaingia ndani akakaa na kikausha nywele kichwani ili asisikie.

Lenox alikuja siku ambayo soko limejaa, suti ya buluu, amekonda. Alipiga magoti kwenye sakafu iliyojaa nywele, pete mkononi.

“Hii ni yako, Awiti. Hakuna kamera. Nilikosa, na usingizi sina.”

Ilikuwa kweli, na Awiti aliona ni kweli. Alimpenda bado, ndiyo maana hasira ilimpanda hivyo. Hakuacha kusuka.

“Mwanga haujakaa vizuri,” alisema. “Rudia.”

Wanawake walicheka. Lenox alisimama, akapiga magoti tena.

“Sogea mlangoni kidogo. Rudia.”

Akarudia. Sasa hakuna aliyecheka. Philister alisema kwa sauti ya chini, “Awiti, inatosha.”

Awiti alipiga simu Rangwe, akaweka spika, akampa Lenox. “Mwambie mama. Useme ile siku ilikuwa nini.”

Lenox alisema. Alikwama, akaanza upya, akamaliza.

“Na ile sauti yangu?” mama aliuliza.

“Iko kwa tangazo, mama.”

“Mimi nilisimama kanisani, mwanangu,” alisema mama, kisha akakata.

Awiti alijua amemchoma mama yake ili amchome Lenox. Alilijua kabla hajabonyeza namba, na alibonyeza.

“Nimesema kila kitu,” Lenox alisema, machozi yanamtoka. Yalikuwa ya ukweli. “Nipe jibu basi.”

“Inuka, umekanyaga nywele za mteja.” Awiti alichovya ncha za nywele kwenye maji moto. “Jibu si unalo? Ndiyo zangu zote tatu ziko hapo nje kwa TV ya nyama. Kaa kidogo, watarusha.”