Waya wa Saba

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Mama alikuwa amekunywa nusu kikombe cha chai, mashine yake ya oksijeni inanguruma taratibu kando ya kitanda, na mimi nabishana na Baba Mdogo. Kubishana ndiyo kazi yangu. Chuoni wananiita Hoja, na sijawahi kulikana jina hilo. Asubuhi ile ubishi ulikuwa juu ya fundi umeme.

Mashine ya Mama haikuwa ya kuchezea. Daktari alisema wazi: bila hewa ile, dakika kumi kwake ni nyingi. Na nyumba yetu, aliyoijenga marehemu Baba, bado ilikuwa na ubao wa fyuzi za kizamani, zile za kuzungushia kiwaya. Ukichomeka pasi, taa zinafifia. Ukiongeza jiko la umeme, nyumba nzima giza. Nilitaka sanduku jipya la swichi, na nilitaka lifungwe na mtu mwenye leseni. Baba Mdogo alitaka mmoja wa mafundi wake wa kuokoteza. Alisema leseni ni karatasi tu, umeme hausomi. Nikamwambia ni kweli hausomi, ndiyo maana anayeushika lazima awe amesoma. Mama akacheka mpaka akakohoa, akanipigia kura, na mjadala ukafungwa.

Fundi alifika saa mbili na robo. Mtu mzima, mpole, miwani yake imefungwa kamba nyuma ya shingo. Kabla hajakaribishwa kiti alitoa leseni mfukoni akanipa niisome mbele na nyuma. Kisha akauliza mgonjwa yuko wapi, na betri ya mashine yake inakaa muda gani umeme ukikatwa. Saa tatu, nikasema. Akasema yeye zinamtosha mbili na ushee.

Alianza kwa kuzitambua nyaya. Kazi hiyo ni ya watu wawili: yeye amesimama kwenye ubao koridoni, anang'oa fyuzi moja, anauliza kwa sauti, mimi nazunguka vyumbani kuangalia nini kimekufa, najibu.

"Imezimika?"

"Imezimika, sebuleni."

Anabandika kijikaratasi chenye jina la chumba, anairudisha fyuzi, tunaendelea. Nyaya sita zilikwenda hivyo bila shida. Ukabaki wa saba.

Nilikuwa jikoni niliposikia, "Imezimika?" Nikatazama taa, nikatazama friji, vyote vinafanya kazi. Nikajibu bado. Nikaingia bafuni. "Imezimika?" Bado, nikasema. Safari ya tatu sauti ilikuwa ya chini kabisa, ya mtu aliyebandika mdomo kwenye ubao. Nikatoka hadi koridoni kumwambia fundi kwamba mimi si mwanafunzi wa chekechea wa kuulizwa jambo moja mara tatu.

Alikuwa ameshika fyuzi ya saba mkononi, ananitazama.

"Sijakuuliza kitu, binti yangu," alisema taratibu. "Nilidhani wewe ndiye unayeniuliza."

Tukanyanyua macho darini, sote wawili kwa pamoja.

"Panya," alisema Baba Mdogo kutoka sebuleni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nikamjibu kwamba panya hao wanasema Kiswahili fasaha kuliko wabunge. Hakucheka. Gazeti lake lilikuwa limegeuzwa juu chini.

Saa nne kamili fundi alizima swichi kuu ya nje, akaipiga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Ndivyo wanavyofanya wenye leseni, ili asije mtu akawasha mwenzake akiwa ameshika waya. Mashine ya Mama ikahamia kwenye betri, taa nne za kijani. Fundi akaung'oa ubao wa zamani, akazipima nyaya moja moja kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa. Sita zilikuwa kimya.

Wa saba, testa ikawaka.

Akaifuta kwenye shati, akapima tena. Ikawaka. Akatoka nje akaangalia kufuli. Lilikuwa mahali pake. Akauliza kama tuna jenereta. Hatuna. Waya wa jirani? Hakuna.

"Umeme haujizai wenyewe," alisema, na sikujua kama ananiambia mimi au anajiambia yeye.

Akavaa glavu za mpira, akakata utepe auzibe ncha waya ule, aendelee na nyingine. Mkono wake ulipoukaribia, akasita. Kitu gani kilimwambia asite, hakunieleza mpaka leo. Akazipima mbili za pembeni. Inawaka. Kwenye zote sita testa inawaka. Akarudisha mkono nyuma. Ikafa. Akausogeza tena. Ikawaka.

Akavua glavu. Alisema hawezi kufunga sanduku juu ya nyaya hizo, na ubao wa zamani hawezi kuurudisha kwa sababu hiyohiyo.

Nikakimbilia kwa Mama. Ilikuwa saa nne na nusu tu. Betri ya saa tatu ilibakiwa na taa mbili.

Mama alinivuta mkono mpaka sikio langu likafika mdomoni pake.

"Mwanangu, ni nani anatambaa darini?"

Fundi alikuwa ameshasimamisha ngazi chini ya tundu la dari. Ameweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Baba Mdogo akainuka ghafla, akamwambia asipande, huko juu hakuna kitu.

Nimesimama kwenye majukwaa ya kutosha kumjua mtu anayejibu swali ambalo halijaulizwa.

"Umejuaje, Baba Mdogo?"

Akakaa chini. Pale pale, sakafuni.

Aliyasema kwa vipande. Miaka kumi na moja nyuma, mimi nipo shule ya bweni, wazazi wamesafiri, yeye kaachiwa nyumba. Taa ya nje ikaharibika. Akamwita mtu mmoja wa mtaani, hana leseni, hana glavu. Walimwita Mwembamba kwa sababu alipita darini pasipopita mtu. Mwembamba alipanda, akaukuta waya wenyewe, huu wa saba, akauliza kutoka juu kama imezimika. Baba Mdogo alikuwa anatazama mpira. Dakika za mwisho. Angezima swichi kuu, na runinga ingezimika.

Runinga inawaka mbele ya macho yake, akajibu imezimika. Mwembamba akaushika waya.

Mkewe aliambiwa mumewe alilewa, akateleza kwenye ngazi. Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe. Akazikwa na aibu isiyo yake, na sisi miaka yote tukala, tukalala, tukasherehekea chini ya dari ile.

Nilikuwa na maneno elfu ya kumwambia Baba Mdogo. Siku nyingine yoyote ningeyasema. Lakini hospitali ilikuwa mbali kuliko kilichobaki kwenye betri, na nikiwa nimesimama pale koridoni niliona, kupitia mlango wa Mama, taa ya tatu ikizima.

Imebaki moja.

Juu ya vichwa vyetu ubao wa dari ukalia. Kisha ikaja ile sauti. Ya upole kabisa. Ya mtu mwenye subira.

"Imezimika?"

Baba Mdogo akaziba masikio. Nikamshika vifundo vya mikono, nikamfungua.

"Mjibu."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Mama anakufa."

Akanyanyua uso.

"Bado," alinong'ona. "Haijazimika. Nilikuwa natazama mpira, nikakudanganya. Usiguse. Shuka, ndugu yangu."

Kisha ngazi ikalia. Kipandio cha juu. Cha pili. Cha tatu. Hakukuwa na mtu, lakini kila kipandio kilipinda kidogo katikati, kisha kikarudi. Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Harufu ya nywele zilizoungua ikatupita usawa wa uso. Mlango wa mbele, niliokuwa nimeufunga mwenyewe kwa komeo, ukafunguka polepole, jua likaingia.

Fundi akapima waya wa saba.

Haukuwaka.

Alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa, lakini hakuruka hatua hata moja: kila waya aliupima kabla ya kuugusa, kila skrubu aliikaza mara mbili. Mimi nilikaa na Mama, macho kwenye ile taa moja ya kijani. Kwa hesabu yoyote ilitakiwa ife ndani ya dakika chache. Ilikaa saa moja na dakika arobaini, haififii, kama kuna mtu ameishikilia. Mashine iliponguruma tena kwa umeme wa sanduku jipya, ndipo ikazima. Mama alivuta pumzi ndefu, akaomba chai.

Kesho yake asubuhi nilimchukua Baba Mdogo hadi kwa mjane wa Mwembamba. Sikumsihi. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi, na yake imeishia mlango ule.

Ni chumba kimoja na kiuani. Mjane alitukaribisha bila kushangaa. Baba Mdogo alianza, shemeji, siku ile mumeo hakuteleza. Mama yule akainua kiganja.

"Najua," alisema. "Jana mchana alikuja kunawa."

Akatupeleka uani. Kwenye kona, beseni la plastiki, maji yake meusi kama masizi.

"Alisema aliyemjibu ndiye aje kuyamwaga."

Baba Mdogo aliinama, mikono imetangulia. Alitaka sana kuyamwaga; nilimwona usoni. Na hapo nikaona vinyweleo vya mikono yake vikisimama, kimoja kimoja, kabla hajaligusa beseni. Nikasikia mvumo mdogo, kama nyuki ndani ya chupa. Nikatazama kuta. Hakuna swichi. Nikatazama paa, nikatazama uchochoro mzima. Nguzo ya umeme haijawahi kufika upande ule.

Mjane alikuwa ananitazama mimi, si yeye.

"Baba Mdogo," nikasema. "Usiguse."

Akasita, kidole kikiwa kimebakiza unene wa kucha. Akarudi nyuma. Mama yule akashusha pumzi polepole.

"Una bahati, shemeji," alimwambia. "Wewe kuna aliyekuambia."

Siku hiyohiyo Baba Mdogo alikwenda kituo cha polisi kuandikisha maelezo, na mimi nikakaa kando yake mpaka akatia saini. Imepita miezi mitano. Beseni bado lipo kwenye kona ileile. Hakuna aliyethubutu kulisogeza. Maji hayajapungua hata tone. Na mjane ameniambia kwamba jioni, akipita uani, upande ule huwa hana haja ya kuwasha kibatari.